Nusu ya Wimbo wa Nyangau

Kama gazeti la wiki jana lilifungia nyama kabla hujalisoma, usijali. Vuta kiti nikupe kwa ufupi, halafu tuendelee na aibu ya wiki hii.

Mimi ni Emmah Nyamusi, mtunzi wa muziki wa filamu. Ukiwahi kumwona mama na kikapu chake cha chai kwenye skrini, akitembea tu, nawe ukajikuta unatafuta leso bila sababu, huenda ni kazi yangu. Filamu ya kwanza ya mwongozaji Anyiko, Mvua ya Saa Tisa, ndiyo iliyonipa jina. Ilinipa pia zawadi ya kichwa changu mwenyewe, kimechongwa kwa jiwe laini linalochimbwa Tabaka kwa kufuata picha, chenye pua ambayo niliikana mbele ya kamera nikicheka.

Wiki jana niliungama kwamba ule wimbo uliowaliza watu sikuutunga. Niliusikia kijijini kwetu Ikonge nikiwa na miaka tisa, nimebana sikio kwenye tundu la ua wa jirani yetu, mzee Nyangau, ambaye kila Ijumaa jioni alipiga obokano, kile kinanda chetu kikubwa cha nyuzi nane ambacho mngurumo wake unausikia tumboni. Sisi nyumbani ni Wasabato. Obokano kwetu ilihesabiwa kuwa jamaa ya pombe, basi nilisikiliza kwa kujificha.

Na kila Ijumaa, wimbo ukifika mahali fulani, mama aliniita nyumbani tufungue Sabato, ambayo huanza jua likitua. Nilikimbia, nikanawa miguu, nikapaka mafuta, nikakaa kwenye benchi nikingoja, jua likinimulika magoti. Mwisho wa wimbo sikuusikia hata siku moja.

Ndiyo maana katika filamu muziki unakatika ghafla. Majaji waliandika kwamba mtunzi ana ujasiri wa kunyamaza. Mtunzi hakuwa na ujasiri wowote, aliitwa nyumbani tu.

Sasa tuendelee.

Za mwizi ni arobaini, na yangu ya arobaini ililetwa na Anyiko.

Anyiko ni mwongozaji wa filamu, mzaliwa wa Homa Bay, na ofisi yake iko Kisii mjini juu ya duka la mabati. Ukiongea naye lazima ungoje mabati yamalize kukatwa. Alikuwa amemaliza kupiga filamu ya pili, na sehemu ya mwisho alinionyesha mwenyewe. Ni yule yule mama mchuma chai, sasa amezeeka, anatembea kutoka kituo cha kupimia majani mpaka kwake. Dakika nne nzima hasemi neno. Anyiko alitaka ule wimbo urudi hapo, na safari hii ufike mwisho.

"Watu wamengoja miaka mitatu," aliniambia. "Uliwaacha barabarani. Sasa wafikishe nyumbani."

Nilimjibu kwamba hakuna shida. Mdomo huponza kichwa, na wangu hauna breki.

Nilijifungia na kinanda changu cha umeme wiki tatu, nikatunga miisho kumi na mmoja. Wa tatu ulitoka kama wimbo wa kufunga ibada. Wa saba Anyiko aliusikiliza amefumba macho, nikadhani nimepatia, kumbe alikuwa anatafuta namna ya kuniambia. Akasema huo si mwisho, hilo ni tangazo la mafuta ya kupika. Wa kumi na mmoja ulipoisha, aliwasha jiko. Alinipikia chai, na hapo nilijua mambo yameharibika kabisa.

"Nyamusi," aliniambia, akiweka kikombe mbele yangu. "Hii wimbo si ni yako? Mbona unaitembelea kama mgeni?"

Nilikunywa ile chai ikiwa moto ili nisijibu. Filamu ilitakiwa kukabidhiwa Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumapili asubuhi. Nilifunga begi nikaenda Ikonge kumtafuta mwenye wimbo, nimwambie ukweli, na nimwombe nusu iliyobaki.

Jumapili kwetu ni siku ya kazi. Mama yangu, Nyakerario, shemasi wa kanisa kwa miaka mingi, nilimkuta katikati ya shamba lake la chai, kikapu mgongoni. Tulisalimiana, akanipima kwa macho, akasema nimekonda. Huwa anasema hivyo hata nikiwa nimenenepa. Nikaingia mstari wa pili nimsaidie kuchuma, na baada ya kuzunguka zunguka nikauliza kama mzee Nyangau bado anapiga obokano.

Mikono ya mama haikusimama. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, yanaingia kikapuni.

"Alikufa," akasema.

"Lini?"

"Hiyo mwaka ya mvua ya mawe."

"Na hukuniambia, mama?"

"Wewe ulikuwa na mambo ya filamu."

Nilihuzunika, tena sana. Lakini kwa kuwa hapa tunaungama, niseme yote: saa ile ya kwanza sikumlilia mzee, niliulilia mwisho wa wimbo. Nililia nikichuma. Mama aliniona, akanipa leso yake, akaendelea kuchuma.

Huzuni ya kumpoteza mzee mwenyewe ilinifika asubuhi iliyofuata. Nilikumbuka vidole vyake na kofia yake. Nikaona si vizuri nimtumie marehemu miaka yote hii kisha nirudi mjini bila hata kusimama kwenye kaburi lake. Tundu langu la utotoni kwenye ua lilikuwa limezibwa na miti, kwa hiyo nikapita langoni kama watu wazima.

Nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Migomba ilikuwa imeegemezwa miti, imetunzwa vizuri. Kaburi silioni.

Wewe msomaji uliye mbali na kwetu huenda usishtuke. Acha nikueleze. Sisi Abagusii, yaani Wakisii, hatupotezi kaburi. Mtu akifia Mombasa, analetwa. Akifia ng'ambo, tunachanga mpaka afike. Anachimbiwa kando ya nyumba yake, hapo hapo, na watu wanampita kila siku wakienda kukata ndizi. Nilizunguka ile nyumba mara mbili. Hapakuwa na kaburi, wala kifusi, wala mgomba mmoja uliong'olewa kupisha shimo.

Mpwa wake, Masese, alikuwa chini kule akikata majani ya ng'ombe. Aliniona nikiinama inama kama mtu aliyeangusha sindano, akaja.

"Wewe msichana ya Ongeri, umepoteza nini hapa?" aliniuliza, kwa jina la baba.

"Natafuta kaburi ya mjomba wako."

Masese aliweka panga chini taratibu. Aliniuliza nani ameniambia kuna kaburi. Nikatazama miguu yangu, kwa sababu jibu lilikuwa linachuma chai ng'ambo ya ua.

"Mimi nimeongea na yeye jana kwa simu," akasema. "Ananiuliza ndizi yake imeiva ama namuibia. Ako Tabaka, kwa msichana yake Sheila. Hata wewe, maiti inauliza ndizi?"

Nilikaa chini kwenye nyasi.

Unahitaji kumjua mama yangu ili uelewe. Huyu ni mwanamke aliyewahi kunirudisha shuleni kwa miguu, vilima viwili, nirudishe penseli iliyoingia kwenye mfuko wangu kwa bahati mbaya. Uongo kwake ni kitu cha majirani. Na sasa alikuwa amemzika mtu mzima, mwenye simu na ndizi, bila hata jeneza.

Ningeweza kurudi kumuuliza. Sikumuuliza. Jumanne alfajiri nilimwambia naenda mjini kuonana na Anyiko, akanibariki, nikaondoka. Tayari tulikuwa waongo wawili katika boma moja.

Tabaka ukifika, vumbi la mawe linakupokea kabla ya watu. Kila uwanja kuna mtu anachonga kiboko, sahani au malaika, na kila kivuli kuna mama mwenye beseni la maji, anasugua. Nilikuwa nimebeba sukari, majani ya chai na mkungu wa ndizi, na begani rekoda yangu. Niliulizia kwa Sheila wa Nyangau. Nikaelekezwa kwa mwanamke wa rika langu, mikono myeupe hadi kwenye viwiko, anapiga msasa bakuli.

Alininyanyulia macho, akacheka kabla sijajitambulisha.

"Nyamusi. Karibu."

"Tunajuana, dada?"

"Mimi nimekuosha uso mzima. Hiyo kichwa yako walikupatia mjini, ni mimi nilimaliza. Hiyo pua nilisugua siku mbili, ikakataa kupungua."

Nilitaka kucheka naye, lakini alikuwa ameacha kusugua na ananitazama sawasawa.

Aliniambia, kwa sauti ya chini, kwamba filamu yangu aliiona kwenye simu. Wimbo ulipoanza alijua ni wa nani kabla mstari wa kwanza haujaisha. Alikasirika. Alitaka kwenda redioni aseme mbele ya watu wote kwamba msichana wa Ikonge ni mwizi. Alimpelekea baba yake simu, akamwekea wimbo wote.

"Baba akasikiliza mpaka pale inakatika," Sheila alisema. "Akacheka. Akaniambia, wacha yeye. Hajui inaenda wapi. Atakuja."

Niliweka mkungu wa ndizi chini. Miaka mitatu nimekuwa nikihojiwa juu ya ujasiri wangu wa kunyamaza, na huku Tabaka mzee mmoja ananingoja kwa utulivu kabisa.

Nyangau alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kigoda, anaota jua. Amekonda, kofia ni ile ile. Obokano ilikuwa imeegemea ukuta, imefunikwa gunia. Nilipiga magoti kati ya kuku wake wawili.

"Mzee, mimi ni Nyamusi wa Nyakerario. Nilikuibia wimbo."

Alinishika kichwani, akanitazama muda mrefu.

"Uliiba ng'ombe, ukaacha miguu ya nyuma," akasema. "Ng'ombe kama hiyo inatembea kweli?"

"Ilitembea mpaka Nairobi, mzee."

Akacheka mpaka akakohoa, Sheila akamletea maji. Nilieleza yote, tundu la ua, filamu, zawadi, miisho kumi na mmoja. Alipenda sana ile ya mafuta ya kupika, akanirudisha niisimulie tena. Halafu akauliza kama mama anajua niko huku.

"Hajui. Aliniambia ulikufa."

Sheila aligeuka. Mzee yeye alichezesha mdomo kama anaonja kitu.

"Alinizika mwaka gani?"

"Mwaka wa mvua ya mawe."

"Amenipatia mwaka mzuri. Hiyo mwaka hata mimi nilitaka kufa, ndizi yote iliisha."

Nikaona mambo yameenda vizuri kuliko nilivyostahili. Nikatoa rekoda, nikaiweka juu ya jiwe, nikamwomba anipe mwisho. Nilimwahidi kwamba jina lake litakuja kwanza, na langu likibaki, liwe chini kabisa kwa herufi ndogo.

Mzee alitikisa kichwa.

"Mimi sina mwisho."

Nilidhani ni adhabu. Nilianza kumsihi, akaninyamazisha kwa kidole. Akaniuliza swali: nilipokuwa nikiitwa nyumbani Ijumaa, jua lilikuwa wapi?

Nikafungua mdomo kujibu kwamba lilikuwa linatua. Nikaufunga. Nilikumbuka benchi. Nilikumbuka nimenawa, nimepaka mafuta, nimekaa nikining'iniza miguu, na jua bado liko magotini, na mama bado yuko jikoni anapika, Sabato iko mbali huko.

"Mama yako hakuwa anaita sababu ya jua," Nyangau alisema. "Na mimi sikuwa naacha kupiga sababu ya mama yako kuita. Ni mimi nilikuwa naacha kwanza. Hiyo wimbo inafika hapo, inangoja. Mkono unauliza, mdomo unajibu. Kupiga ni yangu. Kujibu ni ya mtu mwingine."

"Ya nani?"

Alinyoosha kidevu upande wa Ikonge. Hakuwa na haja ya kumtaja.

Akanisimulia kidogo kidogo. Mama yangu alipoolewa Ikonge, kabla sijazaliwa, alikuja na sauti ambayo watu walivuka vilima kuifuata. Kwenye harusi na sherehe za jando walialikwa wawili, Nyangau na obokano yake, Nyakerario na mdomo wake. Nusu ya kwanza ya ule wimbo aliitengeneza mzee. Nusu ya pili aliitengeneza mama, na hakumfundisha mtu. Kisha yeye na baba yangu wakabatizwa, na mama akaacha. Nyangau hakuacha. Kila Ijumaa alikaa ng'ambo ya ua, akapiga mpaka pale, akangoja ajibiwe.

Najua unachofikiria, msomaji, kwa sababu nami nilikifikiria, na mzee alikiona usoni mwangu.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Wewe ni wa Ongeri. Hiyo pua ni yake."

Sheila aliunga mkono kwamba pua hiyo ina mwenyewe.

Sasa nisaidie, wewe ungefanya nini? Mwisho wa wimbo nilioutafuta wiki tatu ulikuwa umelala chumba cha pili, umeniandalia uji asubuhi, umenibariki mlangoni. Nilitoa simu. Hata hapo ujinga haukunitoka.

"Mama," nikasema alipopokea. "Niko Tabaka. Nimekaa na marehemu. Anakusalimia."

Nikasikia kuku wa nyumbani kwetu kwenye simu. Kisha simu ikakatwa.

Nilipiga tena, haikupokelewa. Nyangau alisema nimwache. Akamwambia Sheila atoe gunia, akaivuta obokano katikati ya magoti na kuanza kukaza nyuzi, moja moja, bila haraka. Tulikula ndizi nilizoleta. Nilijilaumu kwa ule mzaha, kwa sababu mama hapendi kuchekwa, na nilikuwa na hakika nimeufunga mlango mwenyewe.

Saa tisa na kitu boda boda ilisimama nje. Aliyeshuka alikuwa na blauzi nyeupe ya kanisani, siku ya Jumanne, na viatu vilivyojaa vumbi. Alilipita beseni la Sheila, akanipita mimi, akasimama mbele ya kigoda.

"Nyangau."

"Nyakerario. Ulinizika vizuri?"

"Nilikuzika haraka," mama akasema. "Nitatubu Sabato."

Hawakushikana mikono. Walitazamana tu, wazee wawili waliotenganishwa na ua mmoja miaka thelathini bila kusalimiana. Nilitaka kuwa mahali pengine popote.

Mama akanigeukia. "Chukua begi yako, twende."

Sikuchukua begi. Nilimwambia ukweli wote nilioogopa kumwambia yeye kuliko mtu mwingine: kwamba wimbo uliomfanya anunuliwe soda na mchungaji, akiambiwa amezaa mtoto mwenye kipawa, si wangu. Kwamba niliiba, na hii haikuwa penseli. Kwamba nimekuja kurudisha, na nimekuta nusu moja ni yake.

Alisikiliza amesimama. Nilipomaliza, alikaa juu ya jiwe ambalo halijachongwa, pole pole, akalaza mkoba wake magotini.

"Nilijua tangu siku nilisikia hiyo filamu yako," akasema. "Nilikaa pale kwa ukumbi, watu wanapiga makofi, mimi najua imekatika wapi. Nilisema, akija kutafuta, nitasema mzee amekufa. Iishe."

"Kwa nini, mama? Nani alikukataza kuimba? Baba?"

"Baba yako hakunikataza. Kanisa halikunikataza." Alikuwa anafungua mkoba na kuufunga. "Niliahidi mwenyewe. Nikiwa ndani ya maji, kabla nizamishwe. Nilimwambia Mungu, nikitoka hapa, hii mdomo ni yako peke yako."

Filamu ni filamu, lakini ahadi ya mama ni ahadi ya mama. Mzee Nyangau alivua kofia.

"Mimi sikujua," akasema. "Nilifikiri umekataa mimi. Kama ningejua ni maji, ningekuwa nimeacha kukuuliza."

"Ulikuwa unauliza kila Ijumaa." Sasa mama alikuwa analia, bila sauti, kama anavyofanya kila kitu. "Kila Ijumaa mkono yako inauliza, na mdomo yangu imejaa. Lazima kitu ingetoka. Nikawa naita huyu mtoto."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nakuandikia nikiwa bado sijatulia. Lile jina langu lililokuwa likipaa juu ya ua, ambalo lilinifanya nikimbie miaka yote, halikuwa linaniita mimi tu. Lilikuwa jibu lake kwa mzee. Ndicho kitu pekee alichojiruhusu kukitoa.

Nilimwambia twende nyumbani. Nilimaanisha. Nilisema nitampigia Anyiko, nimwambie filamu haina mwisho, na nitamwambia pia kwa nini. Niliinama nikachukua rekoda.

"Iache," mama akasema.

Niliiacha.

Alimtazama Nyangau. "Wewe una miaka mingapi sasa?"

"Themanini na mbili."

"Na kuna mtu mwingine anajua hiyo nusu yako?"

"Huyu mwizi peke yake."

Mama alipangusa uso kwa leso ile ile aliyonipa shambani, nikamrudishia. Akaikunja mara nne, akaiweka mkobani. Alisema tu, "Piga."

Nyangau aliinamia obokano na kuanza. Msasa wa Sheila ukanyamaza. Nilikuwa nimeusikia wimbo ule kwenye kumbi zenye spika kubwa kuliko mlango, na kumbe sikuwahi kuusikia kweli. Ulipita pale ninapopajua, ukashuka pale ambapo mama mchuma chai hutua kikapu, ukapanda, ukafika pale.

Mzee akaondoa mkono. Nyuzi zikanguruma kidogo, zikaisha. Rekoda inawaka nyekundu.

Mama alinitazama kwanza mimi, kisha obokano. Akafungua kinywa.

Maisha yangu yote nimekimbia kila nilipoitwa. Jumanne ile nilikaa pale juu ya mawe, nikamwomba Mungu wake nisisikie jina langu.